Mtoto kaungua na chai, mume anataka nimfukuze dada wa kazi

Shikamoo shangazi,

Naomba ushauri wako mana hapa nilipo sielewi nifanye nini na nyumba nzima tumenuniana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka mitano yuko chekechea, mdogo ana mwaka mmoja na miezi saba. Tunaishi Mafinga tumepanga vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala, jiko hatuna tunapikia hapohapo sebuleni kwenye kona au barazani kama hakuna mvua. Mi nauza mitumba sokoni naondoka asubuhi narudi jioni, mume wangu anakata mbao na chenso huko kwenye mashamba ya miti akienda anaweza kukaa wiki mbili ndo arudi. Watoto nawaachia dada wa kazi, binti wa miaka 19, mpole na watoto wanampenda.

Sasa mwezi huu mama mkwe alikuja kutusalimia. Jioni dada akaandaa chai, kashamimina kwenye vikombe mezani, mama mkwe akamwambia hebu niletee sukari, ile anageuka tu kwenda kabatini mtoto kashika kitambaa cha meza kavuta, kikombe kikamwagikia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko na kidogo kifuani. Mi nilikuwa nje naanua nguo nikasikia ukelele. Nafika nakuta mama mkwe kashaminya dawa ya meno kampaka mkono wote, jirani nae kaja na yai kapasua kapaka ule ute wake juu ya dawa ya meno, mwingine anauliza unga wa ngano uko wapi, mi nalia tu. Tulivofika hospitali nesi ikabidi kwanza aanze kuyatoa yale madude, mtoto analia mpaka sauti inakata, akatuambia siku nyingine msipake kitu, ila sikumuuliza sasa nifanye nini mana akili haikuwepo. Kidonda kinaendelea kukauka ila kile kiwiko naona anaogopa kukinyoosha.

Tatizo ni kwamba mama mkwe kampigia mume wangu kamwambia dada ni mzembe, na mume kasema akirudi asimkute. Mama mkwe anasema pia huyu mtoto hajachapwa ndo mana hasikii, akichapwa vidole mara moja hatagusa tena. Dada tangu siku ile hali vizuri, kila saa mama nisamehe mama nisamehe. Mi naona hana kosa ila naogopa kusema mbele ya wakubwa.

Na kwakweli naogopa mana mtoto sasa hivi anapanda, anafungua, kila kitu mdomoni. Mafuta ya taa ya kuwashia mkaa tunaweka kwenye chupa ya soda pale kwenye kona nimeshamkuta kaishika. Petroli ya chenso mume anaiweka kwenye dumu chini ya kitanda kwa sababu nje wanaiba. Gesi tunayo ule mtungi mdogo wa kilo 6 wa jiko la juu ila tunaitumia kwa kuiba iba mana kujaza ni gharama, zaidi ni mkaa. Alafu baridi imeshaanza, usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani moto ukishakolea na moshi umeisha ili watoto wapate joto, asubuhi dada akitoka sebuleni kwake analitoa. Shida ni mimi tu siku hizi naamka kichwa kinauma mpaka nifike sokoni ndo kinaachia, na huyu mkubwa asubuhi anasema anaskia kutapika hataki uji, nadhani ni mawazo tu na yeye anatuona tulivyo.

Nisaidie shangazi, dada nimtoe au nimuache, na mtoto nimlindeje?

Mama wawili, Mafinga

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na huyo mjukuu wangu Mungu amponye.

Habari ya dada nitaifikia usijali. Ila barua yako nimeirudia kuisoma na kilichonitisha zaidi sio chai, ni ile sehemu ya mwisho uliyoiandika harakaharaka kama kitu cha kawaida, jiko la mkaa chumbani usiku. Mwanangu, leo kabla hujalala hilo jiko lisiingie chumbani. Leo, usisubiri mpaka mume arudi.

Najua huko kwenu wengi wanafanya hivo, Mafinga, Makambako, Njombe, Makete, mwezi wa sita na wa saba watu wanalala na jiko na wengi wanaamka salama ndo mana inaonekana haina shida. Na najua mnaamini moshi ukiisha hatari imeisha, hapo ndo penye balaa lenyewe. Moshi unauona, unakuwasha macho, unatoka nje. Mkaa uliokolea ukawa mwekundu hauna hata chembe ya moshi ndo unaendelea kutoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi popote, huwezi kuijua kwa pua hata ukae unanusa usiku kucha. Ukiivuta inaingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwahiyo unapumua kama kawaida lakini mwili unakosa hewa. Aliyelala haamki kukohoa wala kuhangaika, usingizi unazidi tu kuwa mzito mpaka fahamu zinaondoka. Asubuhi majirani wanavunja mlango, na mtaani watu wanaanza kusema wamerogwa.

Sasa angalia ulichoniandikia mwenyewe. Wewe unaamka kichwa kinauma, ukifika sokoni kwenye hewa kinaachia. Mkubwa anaskia kutapika asubuhi. Dada anayelala sebuleni hujasema anaumwa kichwa. Mwanangu hayo sio mawazo, mawazo yangekufuata mpaka sokoni! Wanaolala na jiko ndo wanaoumwa, na wakitoka nje wanapata nafuu, hizo ni dalili za hiyo sumu kabisa. Watoto inawapata haraka kuliko sisi kwa sababu wanapumua harakaharaka, na mdogo hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, atalia tu au atalala sana mkasema leo kachoka. Nenda na watoto wote hospitali, uwaambie wazi kwamba mmekuwa mkilala na jiko la mkaa ndani, mana usipowaambia kichwa na kutapika wataanzia kwenye malaria. Na ikitokea siku umeamka unaona kizunguzungu, miguu haina nguvu, au mtoto unamuamsha haamki vizuri, usikae kutafuta sababu, watoe wote nje kwanza alafu kimbieni hospitali wakapewe oksijeni.

Usiniambie utaacha dirisha wazi kidogo. Kidogo ni kiasi gani, na saa nane usiku baridi ikichoma nani hatanyanyuka kulifunga? Baridi ipiganeni kwa nguo. Watoto wavae sweta, soksi na kofia, blanketi moja walalie chini na mbili wajifunike juu, mana kwenye godoro baridi nyingi inatokea chini. Zibeni nyufa za mlango kwa kitambaa. Unaweza kutia maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, maji yasiwe yanachemka, ifunge kwenye taulo uiweke kitandani ipashe shuka, alafu itoe kabla mtoto hajalala. Na laleni pamoja, hilo nalo ni joto.

La pili ni petroli. Kwenye chumba hichohicho chenye moto wa mkaa kuna dumu la petroli chini ya kitanda! Petroli haisubiri joto, inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kuliko hiyo ya kwenu, na ule mvuke ni mzito kuliko hewa hivo hauendi juu, unatambaa sakafuni mpaka ufike kwenye moto. Kifuniko kikilegea kidogo tu inatosha. Mume wako ni mtu wa mbao, mwambie atengeneze sanduku lenye kufuli aliweke nje uani, mbali na pale mnapopikia, aongee na mwenye nyumba. Wezi wanazuilika kwa kufuli. Dumu lenyewe liwe lile la mafuta linalofungika vizuri, na hata ndani ya sanduku asiweke zaidi ya kile anachohitaji.

Haya, sasa tuje kwenye kuungua. Nesi alikwambia msipake kitu na yuko sahihi. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, asali, mafuta ya kula, chumvi, vyote hivyo vinafungia joto ndani ya ngozi na vinaleta uchafu kwenye kidonda, alafu unakuja kuteseka mara ya pili wakati wa kuvitoa kama ulivoona. Kinachotakiwa ni maji tu, maji ya kawaida ya bomba au ya ndoo, na muda. Mtoe mtoto kwenye kile kilichomuunguza, mvue nguo iliyolowa chai mana inaendelea kuunguza, toa bangili au shanga kabla mkono haujavimba, ila nguo ikiwa imeganda kwenye ngozi usiivute. Alafu mwagia maji sehemu iliyoungua kwa dakika 20 nzima. Kama bomba halitoki chukua jagi na ndoo, mmoja anachota mwingine anamwaga taratibu. Dakika 20 ni nyingi mtoto akilia na watu wameshaanza kusema bodaboda imefika, ila hizo dakika ndo zinazuia joto lisiendelee kwenda chini kwenye nyama. Hata kama mlichelewa, maji yanasaidia mpaka masaa matatu baada ya kuungua. Barafu usiweke, inaumiza ngozi zaidi. Na kwa baridi ya Mafinga mtoto mdogo ukimmwagia mwili mzima atapoa kupita kiasi, kwahiyo maji yaende kwenye mkono tu na mwili uliobaki mfunike kwa blanketi.

Ukimaliza funika kwa kanga safi isiyo na manyoya au nailoni safi ile laini ya kufungia chakula, iweke juu tu usiizungushe ikabana. Malengelenge msipasue. Na mtoto mdogo akiungua usoni, mikononi, kwenye kiungo chochote, sehemu za siri, au pameungua eneo kubwa kuliko kiganja chake, ni hospitali hata kama ameacha kulia. Mama mkwe mweleze kwa adabu, yeye alifanya kwa upendo alichofundishwa na waliomtangulia, mwambie mama hospitali wamesema siku hizi ni maji kwanza. Ukimpa kazi ya kushika jagi atafurahi.

Kuhusu kuchapwa. Mtoto wa mwaka na miezi saba hasikii kwa sababu hawezi bado, sio kwa sababu hajachapwa. Umri huo anakumbuka fimbo ila hawezi kuiunganisha na kikombe cha kesho, na mikono yake inafika kabla akili haijafika. Hata ukimkataza mara mia kwa siku, ile ya mia na moja wewe uko kabatini unachukua sukari. Kwahiyo usitegemee macho ya mtu wala masikio ya mtoto, hamisha vitu. Hilo ndo jibu langu kwa hiyo nyumba yote.

Anza na kitambaa cha meza, kitoe leo, kile ni kamba mkononi mwa mtoto. Chai imiminwe sehemu ya juu asipofika, vikombe vikae katikati ya meza mbali na ukingo, na asibebwe na mtu anayekunywa chai hata kama ni bibi yake. Ile chupa ya chai tunaifunga asubuhi tukadhani imepoa mchana, haijapoa, kazi yake ni kutunza moto, na ngozi ya mtoto ni laini kuliko yetu, maji ya nyuzi 60 tu yanaiunguza ndani ya sekunde chache wakati chai ikitoka jikoni iko juu zaidi ya hapo. Kwahiyo chupa ya chai nayo ikae juu na mfuniko umefungwa.

Kona ya kupikia sebuleni iwekewe geti. Sio kitu cha gharama, mbao nne na bawaba, baba wa watoto ataifanya nusu siku, na kwa fundi wa mbao ni aibu mtoto akose geti. Liwe juu kuliko kifua cha mtoto na vipande visimame wima, vikilala atavitumia kama ngazi. Mkipikia barazani dada asiweke jiko chini njiani, na sufuria ya uji au maharage ikishushwa isiwekwe sakafuni kusubiri ipoe. Watoto wengi hawaunguzwi na moto wenyewe, wanakalia sufuria iliyoshushwa au wanatumbukia kwenye beseni la maji ya moto la kuogea. Kwenye beseni tangulizeni maji baridi ndo muongeze ya moto.

Nakuombea msiwe mnatumia ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kama mnayo, ichomekwe mtoto akiwa nje ya chumba, na kabla mtu hajagusa maji kuangalia kama yamepata ichomolewe kwanza ukutani, sio kuzima swichi tu. Na ndoo na mabeseni yenye maji, hata ya kufulia, yafunikwe au yamwagwe, mtoto wa umri huo akitanguliza kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa na maji machache tu yanatosha kumzamisha, na hatapiga kelele.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda hapana kabisa. Mtoto anajua chupa ile ni ya kitu kitamu, hana kosa akiinywa. Yahamishie kwenye kidumu kisichofanana na kinywaji na uyaweke kwenye kabati la juu lenye komeo, pamoja na Jik, sumu ya panya na dawa zako zote hata zile za kichwa. Ikitokea amekunywa, najua watu watakuja mbio na maziwa na mafuta ya kula wanataka atapike, wazuie. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo yanaua, tumboni hayana ubaya kama huo. Usimtapishe, usimpe kitu, mvue nguo zenye mafuta, chukua ile chupa uende nayo hospitali hapohapo hata kama anacheza, kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja baada ya masaa.

Gesi fupi tu. Mtungi ukae umesimama, usiku ufungwe, na ukiubadilisha paka povu la sabuni pale unapoungia, likitoa mapovu panavuja. Ukisikia harufu usiwashe taa wala usizime, usiwashe simu, fungua mlango mtoke, mana gesi hii nayo inakaa chini sakafuni. Zimamoto ni 114, andika kwa kalamu kubwa ukutani pamoja na namba yako, ya bodaboda unayemuamini na ya jirani, mana dada akipaniki hatakumbuka namba ya mtu.

Sasa dada. Usimtoe. Aliitwa na mkubwa akaitika kama alivyolelewa, na ndani ya hizo hatua chache kitambaa kikavutwa, angekuwa wewe ingekuwa hivohivo, angekuwa mama mkwe ingekuwa hivohivo. Ukileta mwingine kesho atakuta meza ileile, chupa ya soda ileile na jiko lilelile, ila yeye hawajui watoto na hajawahi kuona mtoto akiungua. Huyu ameona, na hataacha kikombe ukingoni tena maisha yake. Mwite umwambie kwa mdomo wako kwamba humlaumu, alafu mfundishe ile ya maji dakika 20 mfanye wote kwa vitendo mpaka aizoee. Mpe na ruhusa moja, kwamba akiwa na kitu cha moto mkononi au mezani, mtu yeyote akimuita, hata awe mkubwa wa namna gani, ajibu nakuja na amalize kwanza.

Kwa mume usisubiri arudi ndo muanze kubishana mbele ya mama yake. Mpigie jioni akiwa ametulia, usianze na dada, anza na jiko la chumbani na kichefuchefu cha mtoto wake mkubwa, alafu petroli, alafu umwombe geti, kabati na sanduku. Mwanaume akipewa kazi ya mikono kwa ajili ya wanae hasira inapata pa kwenda. Ukishamaliza ndo umwambie dada anabaki na sababu zake.

Mkienda hospitali waonyeshe na kile kiwiko. Ngozi iliyoungua kwenye kiungo ikipona inajivuta, na mtoto akizoea kukunja mkono kwa sababu unauma, kovu linaweza kukaza akashindwa kuunyoosha vizuri ukubwani. Omba wakuonyeshe namna ya kumnyoosha taratibu kila siku na wakwambie kama anahitaji mtaalamu wa mazoezi. Usingoje mpaka kidonda kikauke chote.

Shangazi